Daftari la mila halitakutosha wodini: jibu kwa mkunga kijana

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga, bado mgeni kazini. Wodi yetu ya wazazi inapokea akina mama wa makabila, dini na nchi mbalimbali, wakiwemo wakimbizi. Mkuu wetu ametutaka tuandae daftari lenye mila za kila kundi kuhusu mimba, kujifungua na kulea kichanga, ili tujue kila mmoja ahudumiwe vipi. Baadhi ya wenzangu wanasema huko ni kupoteza muda kwa sababu mwili wa mwanamke ni uleule popote. Nani yuko sahihi? Na nikikuta mila yenye madhara, nafanyaje bila kumvunjia mtu heshima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na wenzako, maana hoja yao ndiyo inayosikika kuwa ya kisayansi zaidi. Mfuko wa uzazi usiposinyaa baada ya kondo kutoka, damu itamwagika, mama awe nani na aabudu wapi. Kifafa cha mimba hakichagui kabila. Dozi za dawa hazibadiliki, wala hatua za dharura hazina dini. Hapo sina ubishi nao.

Sasa rudi nyuma kidogo, kabla ya hiyo dharura. Mama huyo alianza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi? Alipoanza kuumwa kichwa na kuona maluweluwe, alimwambia nani, na aliyeambiwa alisema nini? Nani alitakiwa kukubali kabla hajaondoka nyumbani? Alikunywa nini njiani ili uchungu uchanganye? Alipofika mlangoni, alielewa alichoulizwa? Kila jibu hapo lina mkono wa malezi, lugha, imani, na jinsi alivyopokewa mara ya mwisho alipokuja kwenu au kwa wenzenu. Unapovaa glavu, utamaduni umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Anayesema mwili ni uleule anauzungumzia mwili uliokwisha kulala kitandani, na wanawake wengi hufa au hupoteza watoto kwa sababu ya kuchelewa kukifikia kitanda hicho.

Chukua jambo dogo kama mahudhurio ya kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mhudumu angalau mara nane katika ujauzito, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Katika jamii nyingi, mabara tofauti kabisa, mimba changa haitangazwi. Wapo wanaoogopa husuda, wapo wanaoogopa kwamba itatoka na wao kubaki na aibu, na wapo ambao haki ya kuitangaza si yao bali ya mkubwa fulani wa familia. Mama wa namna hiyo ukimwita jina kwa sauti mbele ya foleni ya majirani zake, umemfundisha asirudi mpaka tumbo lionekane lenyewe. Suluhisho si mhadhara. Suluhisho ni kutoa namba badala ya kuita jina, na chumba chenye mlango unaofungwa. Ni hivyo hivyo kwa yule asiyenunua nguo za mtoto kabla hajazaliwa kwa kuogopa mkosi: anafika mikono mitupu, wodi nzima inamsema kwamba hakujiandaa, kumbe amejiandaa sana kwa namna anayoijua.

Kwa hiyo mkuu wako ana sababu ya kuwaza anavyowaza. Kosa liko kwenye daftari.

Daftari la mila lina hatari moja inayozidi faida zake: linamfanya mhudumu aache kuuliza. Tuseme limeandikwa kwamba Waislamu wajawazito wana ruhusa ya kutofunga Ramadhani wakihofia afya zao au za watoto wao. Ni kweli, ruhusa hiyo ipo. Lakini wanawake wengi wenye mimba hufunga, wengine kwa kuona fahari kufunga pamoja na familia, wengine kwa kuchelea kulipa siku peke yao baadaye. Sasa mkunga aliyesoma daftari anapita kitanda cha mama mwenye kisukari anayechoma insulini, haulizi kitu kwa sababu anajua “wameruhusiwa”, na mama anaendelea kufunga kimyakimya huku sukari ikishuka. Mkunga asiyejua lolote kuhusu Uislamu lakini akauliza, “Mwezi huu unakula saa ngapi?” angemsaidia kuliko huyo msomi wa daftari.

Halafu watu hawafanani ndani ya kundi lao. Ndugu wawili waliolelewa nyumba moja, mmoja atataka mama yake mzazi awe naye wakati wa uchungu, mwingine hataki hata kumsikia. Mwanamke aliyehamia mji mwingine huacha mila fulani na kuikumbatia nyingine kwa nguvu kuliko walioko kwao. Mkimbizi anaweza kuwa daktari. Ukimpokea kwa ukurasa ulioandikwa kuhusu “watu wake”, utakuwa unamhudumia mtu ambaye hayupo.

Haya si mawazo yangu binafsi. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba mafunzo yanayomfanya mhudumu ajione amehitimu utamaduni wa wengine yanampotosha; wakapendekeza unyenyekevu, yaani mhudumu ajikague na kujifunza kutoka kwa mgonjwa maisha yake yote ya kazi. Kabla yao, kule New Zealand, muuguzi wa Kimaori (Wamaori ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo) aliyeitwa Irihapeti Ramsden alikwenda mbali zaidi. Alisema mwenye haki ya kuamua kama huduma ilikuwa salama kwa utamaduni wake ni aliyehudumiwa, na kwamba muuguzi aanze kwa kujitazama yeye mwenyewe: mamlaka aliyonayo, dharau alizorithi, mazoea ya kazi yake. Baraza la Wauguzi la nchi hiyo liliingiza jambo hilo katika mitaala ya uuguzi na ukunga mwaka 1992.

Hapo ndipo ningependa mkuu wako aanzie. Kama lazima pawe na daftari, ukurasa wa kwanza uandikwe mila za wodi yenu.

Usicheke. Wodi ina mila zake, tena nyingine ngumu kuziacha kuliko za kijijini. Mama alale chali, miguu juu. Abaki peke yake, ndugu wote nje. Asinywe maji. Anyolewe sehemu za siri. Apigwe enema, yaani asafishwe tumbo kwa maji ya kupitia haja kubwa. Anayejifungua mara ya kwanza aongezewe njia kwa kukatwa, hata kama haihitajiki. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo tulivyofundishwa, na hilo ndilo jibu lilelile analotoa bibi anayepaka majivu kitovuni. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, yenye mapendekezo 56, imeyakataa mengi ya hayo: kunyoa na enema za kawaida hazipendekezwi, kuongeza njia kwa mazoea hakupendekezwi, mama asiye na hatari ya pekee anywe na ale, na achague mwenyewe mkao wa kujifungulia, hata kama ni wima. Mkao wa chali unamfaa zaidi anayepokea mtoto.

Jambo la mwenza wa kujifungua lina historia ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Karibu kila jamii duniani ilikuwa na mwanamke mzoefu anayekaa na mwenye uchungu. Hospitali zikamtoa nje kwa hoja ya usafi na nafasi. Kisha mwaka 1980 ukachapishwa utafiti uliofanywa Guatemala: wanawake waliokaa na mtu wa kuwashika mkono na kuzungumza nao, hata kama hawakuwahi kumwona kabla, walikuwa na uchungu mfupi zaidi na matatizo machache kuliko walioachwa peke yao. Tafiti zikaendelea, uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya, ulikusanya 26, zenye wanawake zaidi ya 15,000, ukakuta kwamba wenye mwenza hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi na hupasuliwa kidogo zaidi. Ilichukua miongo kadhaa na fedha nyingi kuthibitisha alichokijua kila bibi.

Wapo waliobadilisha vituo vyao, wakaona matokeo kwa hesabu. Katika wilaya ya Santillana, mkoa wa Ayacucho nchini Peru, wanawake wa vijijini wanaozungumza Kikechua walikuwa wanajifungulia nyumbani. Walipoulizwa kwa nini, hawakusema hawaamini dawa. Walisema kituoni kuna baridi, wanavuliwa nguo, wanalazwa chali, wahudumu hawaijui lugha yao na ndugu wanazuiwa. Kituo kikawekwa kamba ya kushikilia na kiti cha chini ili mama ajifungue akiwa wima, ndugu na mkunga wa jadi wakaruhusiwa kuingia, Kikechua kikatumika. Mwaka 1999 asilimia 6 tu ya wajawazito walijifungulia kituoni. Mwaka 2007 walifika asilimia 83. Serikali ya Peru nayo ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kujifungua wima mwaka 2005. Na huko kaskazini ya Kanada, Nunavik, wanawake wa Inuit, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda miji ya kusini wiki kadhaa kabla ya kujifungua, mbali na waume na watoto wao. Mwaka 1986 kikafunguliwa kituo cha uzazi Puvirnituq, wakafundishwa wakunga Wainuit wenyewe, na uzazi ukarudi nyumbani kwao.

Angalia mpangilio wa kisa cha Santillana. Hakuna aliyeanza kwa kuwaelimisha akina mama kuhusu ubaya wa mila zao. Walianza kwa kuwauliza nini kinawakimbiza.

Basi na wewe uulize. Namna ya kuuliza ni ujuzi kama kupima njia. Daktari Arthur Kleinman na wenzake waliandika mwaka 1978 maswali ya kumfanya mgonjwa aeleze ugonjwa kwa macho yake, si kwa macho ya daktari, na wakunga wengi wameyageuza yaendane na kazi yetu. Mimi nauliza hivi, mama akiwa peke yake: Kwenu mtu akijifungua huwa mnafanyaje? Ungependa nani awe nawe, na nani asiingie? Kuna kitu unatumia, cha kunywa au kupaka, nisichokijua? Kuna jambo tusilifanye kabisa? Nini kinakutia hofu zaidi? Ukifika hapo, nyamaza. Wakunga wengi huuliza vizuri kisha hujijibu wenyewe.

Wakati nao una maana. Mwenye njia iliyofunguka sentimita nane, aliyekaribia kuzaa, hana nafasi ya kukufafanulia imani yake. Uliza kliniki, miezi ya katikati, na uandike kwenye kadi. Yapo mambo ambayo yakijulikana mapema ni mpango, yakijulikana usiku wa manane ni balaa. Mama asiyekubali kuongezewa damu kwa imani yake anatakiwa ajulikane miezi kabla: damu yake ipandishwe kwa vidonge vya chuma au chuma cha mshipani, apangiwe hospitali yenye daktari wa upasuaji, na aeleze mwenyewe, kwa maandishi na bila ndugu pembeni, anakubali nini na anakataa nini. Anayetaka kuhudumiwa na wanawake tu aambiwe mapema siku zipi kuna mwanamke zamu na nini kitatokea ikihitajika haraka daktari mwanamume. Wengi hukubali dharura walipoandaliwa, na hukataa waliposhtukizwa.

Aliyekeketwa pia asigunduliwe mtoto akiwa amekwisha kushuka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulionyesha kwamba ukeketaji mkubwa zaidi, ule wa kushona, unaongeza upasuaji kwa takriban asilimia 30 na kutoka damu nyingi kwa takriban asilimia 70. Kovu hufunguliwa wakati wa mimba au wakati wa uchungu, na mama huelezwa mapema kwamba halitashonwa tena lilivyokuwa. Muulize kwa sauti ileile unayoulizia upasuaji wa zamani. Uso ukibadilika ukiona kovu, hata usiposema neno, hatarudi. Nimeona watu wazima, mabingwa, wakiwaita wanafunzi kumi waje kutazama. Huo ni ukatili.

Sasa mila zenye madhara, ambayo ndiyo sehemu ya swali lako iliyokuwa na wasiwasi zaidi.

Ukikaa nazo utaona kwamba nyingi haziko upande wa madhara. Nyingine zinafaa: kupumzishwa siku arobaini, kulishwa, kusaidiwa kazi, kukandwa, mtoto kulala karibu na mama. Desturi za namna hiyo zipo China, zipo Amerika ya Kusini, zipo Asia Kusini na kwingineko kwingi, na hospitali zinazomtoa mzazi siku ya pili na kumwacha hazina kitu cha kulingana nazo. Kilichobaki ni kuziongezea tahadhari: mapumziko yasiwe kulala bila kunyanyuka, hasa kwa aliyepasuliwa, maana damu huganda miguuni. Nyingine hazidhuru wala hazisaidii mwili, ila zina uzito moyoni: uzi mkononi, dua masikioni mwa mtoto, kondo kurudishwa nyumbani. Familia nyingi za Kimaori hulizika kondo ardhini kwao, na hospitali za New Zealand huuliza na kulikabidhi bila mjadala. Kinachotakiwa ni chombo kisichovuja na maelezo ya usafi. Kugombana na mama kuhusu uzi ni kutumia bure imani utakayoihitaji kesho kwenye jambo la kufa na kupona.

Yanayobaki ndiyo yenye hatari, na hapo sikushauri uongee kwa mafumbo. Kinyesi cha ng'ombe, udongo au majivu kwenye kitovu huleta pepopunda. Asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli hadi pumzi. Baadhi ya wanja zina madini ya risasi. Kumwaga dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, kwa kuiona chafu kunamnyima mtoto kinga yake ya kwanza, na kumpa maji au kitu kingine kabla ya ziwa kunachelewesha kunyonya, ambako kunatakiwa kuanze ndani ya saa ya kwanza. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ndizo zinazonitia hofu kuliko zote, kwa sababu baadhi yake husinyaza mfuko wa uzazi kweli, kwa kipimo kisichojulikana. Ukiongeza dripu ya oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu, juu yake bila kujua, mfuko unaweza kupasuka. Kwa hiyo unahitaji aseme. Ukimfokea aliyekiri, umewafundisha kumi walio vitanda vya jirani kukana.

Eleza madhara kwa maneno machache, kisha jaza pengo. Mila haiondoki ikaacha nafasi tupu. Nchini Nepal familia zilizoea kupaka kitovu mafuta ya haradali na manjano. Badala ya kuwaamuru wasipake kitu, watafiti walijaribu kukipaka dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha vifo vya vichanga kupungua kwa asilimia 24, na baadaye dawa hiyo ikaingia katika mpango wa taifa. Mkono wa bibi uliendelea kupaka, kilichobadilika ni kilichomo mkononi. Lakini usikimbilie kunakili: majaribio makubwa ya baadaye Zambia na Pemba hayakuonyesha kupungua kwa vifo, na sasa dawa hiyo hupendekezwa pale tu ambapo watu huzoea kupaka vitu vyenye madhara. Kwingineko, kitovu kikavu na kisafi kinatosha.

Na zungumza na anayeamua. Mara nyingi si mama mwenyewe. Ni mkwe, bibi, mume. Waheshimu, waketishe, waeleze, wape kazi: bibi anayeijua dalili ya mtoto kukataa ziwa ni mlinzi bora kuliko karatasi ya maelekezo. Ridhaa ya matibabu, hata hivyo, ni ya mwanamke. Heshima kwa ukoo haifiki hapo. Kila mama awe na dakika chache na mkunga bila ndugu yeyote, iwe ni utaratibu wa wote ili asitiliwe shaka, kwa sababu hizo ndizo dakika ambazo kipigo cha nyumbani husemwa.

Ndiyo maana pia ndugu asifanywe mkalimani, na mtoto kabisa asiguswe kwa kazi hiyo. Msichana wa miaka kumi hawezi kumtafsiria mama yake kwamba mimba imeharibika. Mume anayetafsiri anaweza kufupisha, kubadilisha au kuficha. Tafuta mkalimani aliyefunzwa, hata kwa simu, mtazame mama unapozungumza, si mkalimani, kisha mwombe mama akurudishie kwa maneno yake alichoelewa. Akiitikia kwa kichwa tu, hujui kitu bado.

Kuna jambo moja linalofanana na utamaduni lakini si utamaduni, na nisingependa lipite. Nchini Marekani mwaka 2021 walikufa kwa uzazi wanawake weusi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati weupe walikuwa 26.6, na elimu ya chuo haikuwaokoa weusi na pengo hilo. Uingereza, ripoti za kitaifa za vifo vya wazazi ziliwahi kuonyesha pengo la mara tano, na kwa miaka ya 2020 hadi 2022 lilikuwa karibu mara tatu. Usitafute sababu katika mila za wanawake hao. Magonjwa, umaskini na makazi vinachangia, lakini sehemu yake ni kutosikilizwa: anasema anaumwa, anaambiwa anajidekeza. Sehemu nyingine imo ndani ya vifaa na vitabu vyetu. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipima oksijeni cha kidoleni hukosa kuutambua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Alama za Apgar za kupima hali ya mtoto mara tu anapozaliwa, zilizochapishwa mwaka 1953, zinauliza kama mtoto ni wa waridi. Kwa mtoto mweusi tazama ulimi, midomo na fizi. Umanjano wa mwili kwa kichanga mweusi utafute kwenye macho na fizi, na ukiwa na shaka pima damu.

Kilio nacho kinadanganya. Wapo waliolelewa kwamba mwanamke hajifungui kwa kelele, na wapo ambao kwao kuita kwa sauti ndiyo njia ya kupita katika uchungu. Wodini wa kwanza huambiwa “bado wewe” akiwa karibu kusukuma, na wa pili huitwa mwenye maringo hata mfuko unapoelekea kupasuka. Pima, usikilize moyo wa mtoto, na acha sauti iwe ya mwenyewe.

Baada ya kuzaa, huzuni nayo haina sura moja. Dodoso la Edinburgh la kutambua sonona baada ya kujifungua, lililochapishwa mwaka 1987, lina maswali 10 na limetafsiriwa katika lugha nyingi. Ni chombo kizuri, lakini alama ya kumtilia mtu shaka hutofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine, na lisilofanyiwa majaribio katika lugha husika si la kutegemewa peke yake. Wanawake wengi hawatakuambia wana sonona. Watasema kichwa kinawaka, moyo unaenda mbio, wanawaza mno, mtoto hawampendi kama inavyotakiwa. Uliza mwili kwanza, kisha usingizi, kisha mawazo, na lile swali la kujidhuru usilikwepe kwa kuogopa kumwaibisha.

Na mtoto akifariki, usifuate kitabu chochote. Wapo wanaotaka kumshika, kumvalisha na kumpa jina. Wapo ambao kwao kumwona ni kumzuia asiende. Wapo ambao maziko lazima yafanyike ndani ya siku moja, na kwao cheti kinachochelewa ofisini ni jeraha la pili. Toa nafasi, eleza kwamba wanaweza kubadilisha mawazo kwa saa kadhaa, usimsukume mama popote. Uchunguzi wa maiti ukikataliwa, uchunguzi wa kondo na wa mtoto kwa nje bado unaweza kukubaliwa.

Mwambie mkuu wako basi kwamba daftari liendelee, ila libadilishwe. Lisiwe na kurasa za makabila. Liwe na namba za wakalimani na lugha zao, viongozi wa dini wanaokubali kuitwa usiku, utaratibu wa kukabidhi kondo, utaratibu wa hati za maziko ya haraka, orodha ya mitishamba inayotumika eneo lenu na madhara yake, na fomu ya yale maswali matano iingie katika kila faili. Wakimbizi waulizwe nao, na akina mama waliowahi kujifungulia kwenu waitwe waisome rasimu kabla haijapigwa chapa. Yale yasiyohitaji bajeti, yaani pazia, mwenza na mkao, hayahitaji kusubiri kikao. Waweza kuyaanza zamu yako ijayo.